JAA NA VISIMA VYETU

(Maneno haya yalisomwa na mwanachama mwenzetu, mwenye duka, katika mkutano wa tawi. Tumeyatia chapa kama alivyoyaandika kwa mkono wake.)



Mimi si mhandisi wala si bwana afya. Elimu yangu ni ya chuoni, na baada ya chuoni ni ya nyuma ya mizani. Lakini aliyekaa nyuma ya mizani miaka zaidi ya ishirini analo jambo moja analolijua kuliko wengi, nalo ni kwamba kila bidhaa huja na vazi lake. Mchele huja na gunia, sabuni huja na boksi, biskuti huja na karatasi ya plastiki, mafuta ya kupikia huja na dumu. Bidhaa huliwa ikesha, na vazi hubaki. Zamani vazi lenyewe lilikuwa ukili na makuti, likioza likarudi kuwa udongo. Leo haliozi. Mimi ndiye niliyelileta kijijini, nanyi ndio mlionunua, na hapana hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza linakwenda wapi.

Sasa swali hilo limetujia lenyewe mlangoni. Mmesikia, kama nilivyosikia mimi, kwamba lile shimo kubwa nyuma ya mashamba, ambamo watu wamechimba mawe ya kujengea tangu zama za wazee wetu, linatazamwa kuwa jaa. Karatasi hatujaletewa. Tumeletewa maneno tu, na maneno yenyewe yamekuja kwa njia ya pembeni, kwa kinywa cha dereva aliyewachukua waliokuja kupima barabara. Katika baraza nyingi nimesikia jawabu moja: tukatae, tena tuzibe njia kwa magogo. Mimi nami nasema shimo lile tulikatae. Lakini nataka niongeze neno la pili, ambalo huenda lisiwapendeze baadhi yenu, nalo ni kuwa mtu anayesema "sitaki jaa" akanyamaza hapo, hajasema kitu.

Nitaanza kwa kujishitaki mwenyewe, asije mtu mwingine akanitangulia. Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa nikimlipa kijana mmoja wa mkokoteni aje kila wiki kuchukua maboksi na maplastiki ya dukani. Siku moja nikashuka pwani, kule penye mikoko, kutazama ngalawa ya rafiki yangu ikitiwa kalafati. Nikaona maboksi yangu. Niliyajua kwa sababu yana hesabu zangu, kwa mwandiko wangu. Yalikuwa yamekwama katika mizizi ya mikoko, na mifuko imejaa tope, na kaa wanaingia na kutoka. Nikamwita kijana nikamgombeza. Akanisikiliza mpaka nikesha, khalafu akaniuliza kwa adabu: "Ami, wewe uliniambia niyapeleke wapi?" Sikuwa na jawabu. Nilimpa fedha ayaondoe machoni mwangu, naye aliyaondoa.

Basi, ndugu zangu, kila mtu ana jaa. Asiye na jaa la kujulikana analo la kujificha, na la kujificha ndilo baya zaidi.

Sasa tuje kwenye shimo lenyewe. Wakulima waliomo humu wanaijua ardhi ya kisiwa chetu kwa majina yake: kichanga, kinongo, kinamo, uwanda na maweni. Shimo lile ni maweni matupu. Jiwe letu ni tumbawe la kale, lina matundu na nyufa na mapango, na ndiyo maana mvua ya masika ikinyesha kutwa nzima, kesho yake hapana dimbwi. Maji yamekwenda chini. Sisi hatuna mito mikubwa, hatuna ziwa wala mlima wenye theluji. Maji tunayokunywa ni hayo hayo ya mvua yaliyopenya jiwe, yakakaa chini yetu juu ya maji ya chumvi ya bahari, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Ni hazina nyembamba. Na anayechimba mawe hupunguza unene wa dari iliyo juu ya hazina hiyo. Kwa hivyo shimo linaloonekana limekaa tayari, kana kwamba limejichimba lenyewe kwa ajili ya taka, ndilo mahali pasipofaa kabisa. Kinachohitajika chini ya jaa ni kinamo kizito kisichopitisha maji, na pasipo na kinamo, turubali nene la plastiki lililoungwa vizuri, na juu yake mifereji. Hapo shimoni hapana hata kimoja.

Wengine watasema: taka ni kitu kikavu, maji yanatoka wapi? Nimeuliza, nami nawapa jawabu nililolielewa. Katika nchi zenye kipato kidogo zaidi ya nusu ya taka ni vyakula na majani. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 iliweka asilimia 56. Kwetu sisi ni makumbi ya nazi, maganda ya ndizi na mihogo, matumbo ya samaki, majani yaliyofagiwa uani. Vitu hivi vina maji ndani yake, na mvua huongeza. Maji yakipita katika lundo huchukua kila anachokikuta: uchafu wa maozo, chumvi, amonia, na risasi na zebaki kutoka katika mabetri na mataa yaliyovunjika. Hutoka chini meusi kama kahawa iliyochacha. Hayo ndiyo maji ya jaa. Na nawaomba akina mama wanisikilize hapa khasa, kwa kuwa wao ndio wanaochemsha maji ya watoto. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakutoi risasi. Ukiyachemsha maji yenye risasi, maji hupungua na risasi hubaki ile ile.

Na katika lundo lililoshindiliwa bila ya hewa huzaliwa gesi inayoitwa methani, ambayo huwaka. Ndiyo maana majaa mengi huwaka moto kwa muda mrefu bila ya mtu kuwasha, na moshi wa plastiki ni sumu kwa kifua. Gesi hiyo hiyo hulitia joto anga la dunia kupita hewa inayotoka katika moto wa kuni, na sisi watu wa visiwa, ambao bahari imo uani mwetu, tuna sababu ya kulijali jambo hilo hata kama wenye bara hawalijali.

Nisije nikadhaniwa natisha watu kwa maneno. Yako majaa yaliyoua. Tarehe 10 Julai 2000, huko Payatas karibu na Manila katika nchi ya Ufilipino, lundo liliporomoka baada ya mvua nyingi, likazifunika nyumba za waokota taka, na waliokufa walipita 200. Mwezi wa Februari 2005, Leuwigajah karibu na Bandung, Indonesia, walikufa zaidi ya 140. Tarehe 11 Machi 2017 jaa la Koshe mjini Addis Ababa lilianguka usiku likaua zaidi ya 110, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka uliofuata, Hulene mjini Maputo, watu 17. Na majirani zetu wa Kampala, mwezi wa Agosti 2024, jaa la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka tangu 1996, liliporomoka wakafa zaidi ya 30. Tazameni sababu zake, zinafanana. Lundo limeachwa likapanda wima kama ukuta, maji ya mvua hayana pa kutokea, na nyumba zimesogea mpaka chini ya lundo. Wala halikuwa jambo la ghafla. Waliokaa hapo walilalamika miaka.

Nimesema kukataa peke yake hakutoshi. Ushahidi wangu ni Dar es Salaam. Watu wa Tabata walichoshwa na moshi, nzi na uvundo wa jaa lililokuwa kati yao, wakaenda Mahkama Kuu kwa kesi ya mwaka 1988, wakaishitaki Halmashauri ya Jiji, na wakashinda. Ni jambo la kusifiwa, na kila mwanachama anayedhani kwamba mnyonge hana njia ila kupiga kelele ajifunze habari ya Tabata. Lakini sikilizeni kilichofuata. Jiji liliomba muda, likaomba tena, na hatimaye likazipeleka taka Kunduchi Mtongani. Watu wa Kunduchi nao, zaidi ya 790 kwa idadi, wakaenda mahkamani mwaka 1991, wakashinda nao. Taka zikaenda Vingunguti. Kutoka Vingunguti zikaenda Mtoni, na baadaye Pugu Kinyamwezi. Kila waliposhinda watu wa mtaa mmoja, walishindwa watu wa mtaa mwingine, na jaa lenyewe lilibaki jaa lile lile, limebadilisha anwani tu. Ushindi wa mahkamani peke yake haukulifanya lijengwe vizuri.

Na sisi, tukifaulu kulizuia shimo letu, gari litageuza litakwenda wapi? Kwa ndugu zetu wa kijiji cha pili, ambao wanakunywa maji ya hazina ile ile. Maji ya chini hayajui mpaka wa shehia.

Kwa hivyo nimetafuta, kwa uchache wa uwezo wangu, kujua jaa jema ni lipi, na kama mtu maskini anaweza kuwa nalo. Kwa muda mrefu nilidhani ni kitu cha matajiri. Nikapata khabari ya mji wa Fukuoka, katika nchi ya Japani. Wataalamu wa chuo kikuu cha mji huo pamoja na watu wa baladia yao walilitafutia dawa jaa lao, na mwaka 1975 wakaitumia. Dawa yenyewe ni nyepesi kuielewa hata kwa mwenye duka. Chini ya jaa, juu ya kinamo, hulazwa bomba kubwa lenye matundu, limezungukwa na mawe, na bomba hilo hutelemka kidogo kidogo mpaka nje, penye birika la kuwekea maji. Mdomo wake huachwa wazi. Maji ya jaa hutoka upesi badala ya kukaa ndani yakipika sumu. Na kwa kuwa taka zinazooza hutoa joto, na hewa ya moto hupanda juu, hewa baridi ya nje huvutwa kupitia mdomo wa bomba ikaingia ndani ya lundo, bila ya mashine wala umeme, kama vile moshi wa jiko unavyovuta hewa kupitia mlango wa chini. Hewa ikiingia, maozo huoza upesi zaidi, uvundo hupungua, maji hutoka hayana ukali ule, na methani hukadiriwa kuwa nusu ya ile ya jaa lililofungwa. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa uliikubali njia hii kuwa miongoni mwa njia za kupunguza gesi hizo.

La kufurahisha ni kwamba mabomba ya kusimama, ya kutolea hewa juu, yamefanywa kwa mapipa matupu ya mafuta na hata kwa mianzi. Watu wa Samoa, ambao ni wa kisiwa kama sisi, walilitengeneza jaa lao la Tafaigata kwa njia hii kwa msaada wa Wajapani, wala hawakuanza upya. Walilichukua lile lile bovu wakalipanga, wakalikata miteremko, wakalitia mabomba. Na Koshe, baada ya msiba, ilitengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Lau ingetengenezwa kabla!

Lakini bomba si hirizi. Mnajua dasturi ya miradi yetu: huja mfadhili, hufunguliwa kwa utepe, hupigwa picha, na mwaka wa tatu tingatinga limesimama kwa kukosa kipuri, na fedha ya dizeli imeliwa. Jaa lililojengwa kwa mamilioni likiachwa mwaka mmoja hurudi kuwa lundo. Linalolifanya jaa kuwa jaa jema ni kazi ya kila siku: kupima uzito wa kila gari linaloingia, kumwaga taka pahala pamoja padogo badala ya kutapakaza, kushindilia, na kufunika kwa udongo au kifusi kabla ya jua kuchwa ili nzi na kunguru wakose. Kuuchonga ubavu wa lundo ulale, usisimame. Taka za hospitali zisiingie kabisa. Sindano zichomwe katika tanuri lake. Kazi hiyo haina picha wala utepe, na kwa sababu hiyo haina mwenyewe. Mimi kama mfanyabiashara nauliza kwanza, kabla ya bei ya kujenga, bei ya kuendesha kwa mwezi ni ngapi, na itatoka katika mfuko gani. Asiyeweza kulijibu swali hilo asichimbe.

Na wale wanaookota chupa na mabati juu ya jaa, tusiwafukuze kama kunguru. Ni watu wetu, na kila kilo wanayoitoa ni kilo isiyofukiwa. Wapewe pahala pa kuchambulia mlangoni, chini ya paa, kabla ya taka kumwagwa.

Sasa nageukia upande wetu, maana si haki kudai bila ya kutoa. Ikiwa nusu ya taka ni maozo, basi nusu ya jaa tunaweza kuizuia isiondoke nyumbani. Mwenye shamba au kiunga cha migomba achimbe shimo la pima moja, atie maganda na majani, afunike kwa udongo, na baada ya miezi kadhaa ana mbolea asiyoinunua. Bibi zetu walifanya hivi bila ya kufundishwa na mtaalamu. Sisi tumeacha tukaona ni ushamba. Plastiki ndiyo taabu. Mifuko ilipigwa marufuku hapa kwetu mwaka 2006, miaka kumi na mitatu kabla ya bara kufuata mwaka 2019. Nilikuwa kijana wakati huo, nikimsaidia marehemu baba yangu dukani, na nakiri kuwa tuliificha mifuko chini ya kaunta miezi mingi baada ya marufuku, tukimpa mteja tunayemjua. Sheria ilikuwa njema, sisi ndio tulioitia tundu. Leo nauza kwa karatasi na vikapu, na anayekuja na chombo chake cha mafuta nampunguzia bei. Nimepoteza wateja wachache. Wengine wamerudi.

Narudi kwenye shimo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Namba 3 ya mwaka 2015, inataka mradi wenye athari kubwa ufanyiwe tathmini kabla ya kuanza. Basi rai yangu kwa tawi ni kwamba tusizibe njia kwa magogo. Gogo huondolewa na askari wawili. Tuandike barua kwa lugha ya heshima, tuiombe tathmini ya shimo lile tuisome. Na kama haipo, tuseme kwa maandishi kuwa haipo. Tudai pachimbwe na kupimwa maji yako pima ngapi chini ya sakafu ya shimo, masika na kiangazi. Na katika barua hiyo hiyo tuseme tunakubali kisiwa kiwe na jaa jengine, tena tunalitaka, mahali penye kinamo na mbali na visima, lenye bomba, birika, mizani na fungu lake la fedha la kila mwezi lililo wazi, na wazee wawili wa shehia wenye ruhusa ya kuingia siku yoyote wakatazama. Wakituambia mahali hapo ni karibu na sisi, lakini panafaa kwa vipimo vyote hivyo, mimi nitaunyoosha mkono wangu kukubali. Najua Mwenyekiti hapendi kusikia hivyo, na amenambia. Nimemheshimu, lakini sikubadilisha.

Kuna jambo moja ambalo haliwezi kungoja barua. Ikiwa siku moja maji yataharibika, tutaulizwa: yalikuwaje kabla? Nasi leo hatuna hata orodha ya visima vyetu. Kwa hivyo nimefungua daftari dukani kwangu. Kila mwenye kisima aje aandikishe mahali kilipo, kina chake kwa pima, mwaka kilipochimbwa kama anaujua, na kama maji hubadilika rangi au ladha masika. Mwalimu wetu wa sayansi wa skuli amekubali kuchukua chupa za maji kutoka visima vilivyo karibu na shimo, na kuzipeleka mjini kupimwa, gharama tutachanga. Mpaka jana visima vilivyoandikwa ni 11, na mimi peke yangu navijua zaidi ya 30. Duka hufunguliwa baada ya sala ya alfajiri na hufungwa saa tatu za usiku. Wasioweza kuandika, nitawaandikia.